Elfu sitini na sanduku la santuri: uchambuzi wa kisa cha DJ anayeanza

Kisa kinamhusu nani

Kisa hiki ni cha binti wa miaka ishirini na kitu, mkaazi wa Mombasa, aliyetaka kuwa DJ wa zilipendwa akiwa na shilingi elfu sitini za Kenya. Nimemwita Saumu, na si jina lake. Maduka, ukumbi na watu wengine nimewaondolea majina, na mambo mawili matatu yasiyogusa funzo nimeyafumba ili asijulikane. Mimi ni fundi wa sauti. Niliingia kwa kuombwa ushauri, na mwenyewe ameridhia niandike.

Nimekichagua kwa sababu maswali yake ndiyo ninayoulizwa na karibu kila anayeanza: ninunue mashine gani ya santuri, mikisa gani (chombo cha kuchanganya sauti), na pesa zikiwa hazitoshi nipunguze wapi. Madukani watakwambia upunguze kwenye mashine ili upate mbili, uongeze kwenye mikisa kwa sababu ndiyo yenye taa na vitufe. Sisi tulifanya kinyume chake. Kuna palipofaa sana na kuna palipomgharimu.

Alikotoka

Babu yake aliacha masanduku mawili ya santuri. Nyingi ni zile ndogo za kasi ya 45 (mizunguko 45 kwa dakika), za miaka ya 1970 na 1980: rumba, benga, na taarabu za lebo ya Mzuri ya hapa hapa Mombasa. Kulikuwa na santuri kubwa chache, na chini kabisa, zimefungwa kwenye gazeti, santuri nzito za kasi ya 78. Baadhi zilikuwa na ukungu mweupe, kama ilivyo kwa kitu chochote kinachokaa miaka kwenye unyevu wa pwani.

Saumu alikuwa ameshapiga muziki kwa simu kwenye shughuli za jamaa. Watu walimsifu kwa kujua wimbo gani ufuate wimbo gani, na hilo ndilo jambo gumu zaidi katika kazi hii. Jirani mmoja akamwambia kuna usiku wa zilipendwa unaandaliwa, na kama angeweza kupiga santuri zenyewe, angepewa saa moja. Hapo ndipo alipoanza kutafuta vyombo.

Swali lililotangulia yote: santuri au kontrola

Kwa elfu sitini, DJ anayeanza leo huelekezwa kwenye kontrola: ubao mmoja wenye magurudumu mawili na mikisa katikati, unaochomekwa kwenye laptopu. Aina kama Pioneer DDJ-FLX4 au Hercules Inpulse zinatosha kujifunzia na kufanyia kazi ndogo ndogo. Programu inakuonyesha mapigo na inaweza kulinganisha kasi yenyewe. Lau Saumu angetaka kupiga amapiano na Bongo Fleva kwenye harusi, ningemwambia achukue kontrola na tusizungumze zaidi. Wapo vijana wanaonunua mashine za santuri kwa kuvutiwa na picha, na nyumbani hawana santuri hata kumi za kuweka juu yake.

Muziki wa Saumu ulikuwa ndani ya masanduku. Nyimbo kadhaa alizitafuta mtandaoni asizipate, na nyingine alizipata zimerekodiwa kutoka kwenye kaseti iliyochoka. Kwa hiyo santuri kwake zilikuwa lazima.

Kisha tukautazama muziki wenyewe, kwa sababu ndio unaosema chombo kiwe na sifa gani. Bendi za rumba na benga za miaka ile zilipiga pamoja bila mashine ya kuwahesabia mapigo. Wimbo unaanza kwa kasi moja, ukifika sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, umeshapanda. Huwezi kuzilaza nyimbo mbili za namna hiyo moja juu ya nyingine kwa dakika nzima, kama wafanyavyo ma-DJ wa muziki wa kompyuta, zitaachana tu. Unachofanya ni kusikiliza mwisho wa wimbo, kushika santuri inayofuata kwa kidole mahali sauti inapoanzia, na kuiachia kwa wakati wake. Kwa hiyo Saumu alihitaji mashine inayofika kasi kamili mara tu akiachia kidole, isiyopepesuka, na mikisa inayomruhusu kuisikiliza santuri kwenye hedfoni kabla watu hawajaisikia. Kuskrachi (kusugua santuri mbele na nyuma ili ikwaruze), athari za sauti na vinginevyo havikumhusu.

Orodha aliyokuja nayo

Saumu alikuja na karatasi aliyoandikiwa na muuzaji mmoja: mashine mbili mpya za mkanda kwa elfu kumi na saba kila moja, na mikisa ya elfu ishirini na mbili. Jumla elfu hamsini na sita, na zinazobaki za waya. Ukiitazama kwa haraka ilikuwa orodha nzuri. DJ ni mashine mbili, na mbili zipo.

Mashine ya mkanda ina mota pembeni, na ukanda wa mpira unaoizungusha sahani. Kwa mtu anayekaa kwenye kochi akasikiliza santuri kuanzia mwanzo hadi mwisho haina ubaya. Mkanda huzuia mtetemo wa mota usifike kwenye sindano. Lakini ukiishika santuri kwa kidole, mkanda unavutika au unateleza, na ukiachia, sahani inachukua muda kurudi kwenye kasi yake. Wimbo unaanza kwa kuburura, kama redio ya betri zinazokaribia kuisha. Tena mashine nyingi za bei hiyo hazina feda (kitelezi) ya kurekebisha kasi, na baadhi zina mkono unaojiinua wenyewe.

Mashine ya mota ya moja kwa moja haina mkanda: mhimili wa mota ndio mhimili wa sahani. Matsushita, kampuni ya Japani, walitoa SP-10 mwaka 1970, wakafuatisha Technics SL-1200 mwaka 1972, na mwaka 1979 wakatoa SL-1200MK2 yenye feda ndefu ya kasi, ya asilimia 8 juu na 8 chini. Hiyo ya 1979 hufika kasi ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ndani ya sekunde 0.7 tu. Ma-DJ waliishika wakaing'ang'ania, na mpaka leo karibu kila mashine ya DJ imejengwa kwa umbo lake. Ilisimamishwa kutengenezwa mwaka 2010, ikarudi 2016 kwa bei ya juu sana, na ndiyo maana hata zilizotumika bado ni ghali. Kwa pesa za Saumu Technics haikuwezekana. Zilizowezekana ni zile zilizofuata umbo hilo, za kampuni kama Audio-Technica, Reloop au Numark, tena zilizotumika.

Bei aliyotajiwa ya mashine moja ya mota ya moja kwa moja, ex-UK (iliyotumika Uingereza), ilikuwa elfu thelathini na kitu, yaani pesa zile zile za mashine mbili za mkanda.

Dukani

Duka la kwanza lilikuwa la ile mikisa ya elfu ishirini na mbili. Ilikuwa na njia nne za kuingizia sauti, skrini ya USB, Bluetooth, mwangwi wa maiki na taa za buluu. Niligeuza nyuma. Njia zote zilikuwa za maiki na vyombo; hapakuwa na tundu hata moja lililoandikwa PHONO, yaani la mashine ya santuri, wala skrubu ya waya wa ethi. Ilikuwa mikisa ya jukwaani, nzuri kwa kanisa, kaswida au mkutano. Haikuwa na feda ya kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, wala kitufe cha kusikiliza njia moja moja kwenye hedfoni. Muuzaji hakuwa anadanganya. Kwake yeye mikisa ni mikisa, na wengi hununua hivyo, wakagundua nyumbani kwamba wanasikia kile tu wanachosikia watu ukumbini.

Duka la pili lilikuwa na mashine ya Kijapani, nzito, safi, ya mota ya moja kwa moja, kwa elfu ishirini na nane. Saumu aliipenda papo hapo. Kibandiko cha nyuma kilisema volti 100. Umeme wetu ni 240. Ingetaka transfoma ya kushusha, ambayo ni gharama nyingine na mzigo mwingine wa kubeba, na siku yoyote mtu wa ukumbini angeweza kuichomeka moja kwa moja ukutani kwa nia njema kabisa akaiunguza. Tuliiacha. Kwa mashine za zamani za mkanda kuna hatari nyingine: baadhi zina mota inayofuata mzunguko wa umeme, na iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikija kwenye hezi 50 zetu huzunguka kwa tano ya sita ya kasi yake hata ukiwa na transfoma. Santuri ya 33 inageuka 27 na kitu.

Duka la tatu ndilo lililokuwa na ile ya ex-UK, ya volti 230, na bei ya kuanzia elfu thelathini na nane. Muuzaji aliichomeka kwenye amplifaya yake, akaweka santuri. Sauti ikatoka nyembamba, kali, bila besi.

"Ammi, mbona sauti yatoka kwa mbali hivi?" Saumu akauliza.

"Dadangu, hizi ni za kizamani, ndivyo zilivyo," muuzaji akajibu, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliamini imechoka, akashuka hadi thelathini na nne.

Nilimwomba Saumu apapase nyuma ya mashine. Kulikuwa na swichi ndogo, PHONO upande mmoja na LINE upande wa pili, nayo ilikuwa kwenye PHONO huku waya ukiwa umeingia kwenye tundu la kawaida la amplifaya. Akaisukuma. Besi ikajaa duka zima, na muuzaji akacheka. Bei aliyokwisha kuitaja hakuirudisha nyuma.

Kilichotokea ni hiki. Katriji, yaani kile kifaa kinachoshika sindano, hutoa kama milivolti tano tu, wakati tundu la kawaida linatarajia milivolti mia tatu na zaidi. Juu ya hapo, santuri inapokatwa kiwandani besi hupunguzwa na trebo huongezwa, kwa mpangilio mmoja unaofuatwa tangu miaka ya 1950. Besi zingeachwa zilivyo, mifereji ingekuwa mipana mno. Lazima kuwe na kikuza sauti kinachoirudisha besi mahali pake. Kikuza hicho kinaweza kuwa ndani ya mashine (ndicho kinachowashwa swichi ikiwekwa LINE) au ndani ya mikisa. Kikikosekana pote, sauti ni ile nyembamba ya dukani. Kikiwa pote na vyote vimewashwa, sauti inapasuka, jambo lililomtia Saumu wasiwasi baadaye.

Kabla ya kulipa tuliikagua. Pembeni mwa sahani kuna safu za nukta zinazomulikwa na taa ndogo, na safu ya sifuri ilisimama tuli, maana yake kasi ni sahihi. Saumu aligusa ukingo wa sahani kwa kidole gumba, taratibu, akaachia. Nukta zilitikisika kidogo na kutulia mara moja. Tukausawazisha mkono wa sindano mpaka ukaelea hewani, akaupuliza kidogo: ukaenda kwa wepesi bila kukwama. Tukaisogeza feda ya kasi polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku wimbo ukilia, kusikiliza kama kuna mahali panaporuka. Mkono uliokwama au mhimili uliolegea ningeikataa hata kwa nusu ya bei, kwa sababu hapo fundi wa kawaida hana la kufanya.

Uamuzi na sababu zake

Tulinunua mashine moja. Njia ya pili ya mikisa ingechukua simu yake.

Sababu yangu ilikuwa kwamba mkono hujifunza kutoka kwenye chombo unachokigusa. Anayejifunza kwenye mashine inayoburura anajifunza kufidia kuburura, na siku akipewa mashine nzuri kila kitu alichozoea kinakuwa makosa. Simu kwenye njia ya pili haikuwa kasoro wakati wa kujifunza. Simu haibadilishi kasi yake kumfuata mtu, kwa hiyo kazi yote ya kulinganisha ilibaki kwenye mkono ulioko juu ya santuri. Akiwa na wimbo wa mapigo 124 kwa dakika kwenye simu na wa 120 kwenye santuri, anapandisha feda asilimia 3.3, na nukta za safu ya 3.3 zinasimama mbele ya macho yake. Akipandisha hadi 6 anasikia mwimbaji kapanda nusu toni, na mzee yeyote anayeujua wimbo ule atageuka. Hayo aliyaelewa kwa sikio katika juma la kwanza.

Mikisa tuliipata kwa DJ aliyehamia kwenye kontrola: njia mbili, kila moja ina PHONO na LINE, vitufe vya besi, kati na trebo, na kitufe cha kusikiliza kwenye hedfoni. Ni aina ya kina Numark M2, isiyo na madoido yoyote. Krosfeda yake, ile feda ya kuvuka upande hadi upande, ilikuwa inakwaruza vibaya, lakini feda za wima za njia zote mbili zilikuwa safi. Kwa kuwa Saumu anapiga kwa kuachia na kushusha, krosfeda angeweza kuiacha katikati asiiguse. Kasoro hiyo ndiyo iliyoishusha bei hadi elfu tisa na mia tano. Kwa mwanafunzi wa kuskrachi hiyo hiyo ingekuwa hasara tupu.

Elfu nne na mia tano zilikwenda kwenye sindano mpya ya ncha ya duara. Ile iliyokuja na mashine ilikuwa inacheza vizuri, na Saumu hakuona haja. Nilisisitiza. Hakuna anayejua sindano iliyotumika imetembea saa ngapi, na iliyolika hukwangua mfereji bila kukuonyesha. Utakuja kusikia "s" za mwimbaji zimegeuka mchanga, na hapo santuri imeshaharibika. Hizi za babu hazina duka la kununua nyingine. Uzito wa sindano juu ya santuri tuliuweka gramu tatu, kama karatasi ya mtengenezaji ilivyosema. Ule mtindo wa kubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono ili sindano isiruke nilimkataza kabisa.

Hedfoni elfu nne, waya na kitambaa cha felti cha kutandika juu ya sahani elfu mbili. Elfu sita zikabaki, na tukakubaliana zisiguswe mpaka baada ya shughuli ya kwanza.

Zile santuri za 78 tuliziweka kando. Mashine yenyewe ilikuwa na kasi hiyo, lakini mfereji wa 78 unataka ncha pana karibu mara nne ya sindano ya kawaida. Ndogo inazama chini na kukusanya uchafu na mikwaruzo. Pia nilimwonya asizioshe kwa spiriti kama alivyoona watu wakifanya kwenye video. Nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, gundi itolewayo na wadudu, na spiriti huiyeyusha. Hiyo ndiyo teknolojia ya enzi za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, na kila moja inayosalimika ni hazina. Za plastiki alizipangusa kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni ya vyombo, akaziacha zikauke wima kivulini.

Miezi iliyofuata

Mwanzo ulikuwa na hofu moja. Siku alipofunga kila kitu nyumbani, sauti ilipasuka, na akaniandikia kwamba mikisa imekufa. Swichi ya mashine ilikuwa bado kwenye LINE kama tulivyoiacha dukani, na waya ameuchomeka PHONO ya mikisa: vikuza viwili kwa pamoja. Akairudisha, akafunga waya wa ethi kwenye skrubu yake na mlio wa chini nao ukaondoka.

Baada ya hapo aliendelea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anarekodi mazoezi yake kwa simu nyingine na kunitumia. Kufikia wiki ya shughuli aliweza kuiachia santuri ya rumba juu ya mwisho wa wimbo wa simu pasisikike mshono. Kwenye vibandiko vya majalada aliandika kwa penseli wimbo unaanza kwa kasi gani na unaishia kwa kasi gani. Hilo alilibuni mwenyewe, na nimelichukua kuwafundisha wengine.

Usiku wa zilipendwa

Ukumbi ulikuwa na jukwaa la mbao, lenye uwazi chini. Meza ya DJ iliwekwa juu yake, na spika mbili za besi zikaegeshwa chini, mbele ya jukwaa. Wakati wa kujaribu sauti, mchana, ukumbi mtupu na sauti ndogo, kila kitu kilikuwa sawa.

Saa tatu usiku watu wamejaa, mwenye vyombo akapandisha. Saumu alikuwa kwenye benga, katikati ya gitaa. Mngurumo ukaanza chini ya wimbo, mwembamba kwanza, ukanenepa, ukawa "vuuuu" iliyoufunika wimbo mzima. Watu wakaziba masikio. Sindano ilikuwa inausikia mtetemo wa besi kupitia mbao, inaurudisha kwenye spika, spika zinautetemesha jukwaa zaidi.

Alichofanya naomba kitazamwe kwa makini. Hakuinua sindano kwa pupa. Alishusha feda ya santuri, na kwa mkono wa pili akapandisha ya simu, ambayo tayari ilikuwa na wimbo umesubirishwa. Mngurumo ukakatika na muziki ukaendelea; waliokuwa nyuma hawakujua kuna lililotokea. Wimbo wa simu ukiendelea, tuliingiza vipande viwili vya saruji vya kutandikia njia, kutoka nje ya ukumbi, tukaweka mto mwembamba wa sponji chini yake na mashine juu. Spika za besi zikasogezwa mbali na mbao. Kwenye njia ya santuri akapunguza kitufe cha besi robo. Akarudi kwenye benga, na safari hii ikatulia.

Alimaliza saa yake na akaongezwa nusu saa. Mzee mmoja alipanda jukwaani kuomba kushika jalada la santuri ya taarabu aliyokuwa nayo ujanani. Mwandaaji akamlipa na kumwalika tena.

Uchambuzi: yaliyofaa

Pesa ilikwenda kwenye mota na sindano, na pale ndipo ilipostahili. Mashine mbili za mkanda zisingemwezesha kuachia santuri kwa wakati wake, na hilo ndilo lililofanya watu wamwalike tena. Mikisa ya bei ndogo, iliyozeeka, haikusikika na yeyote ukumbini kwamba ni ya bei ndogo. Mikisa rahisi inapitisha sauti, na ikiwa feda na vitufe ni safi, tofauti yake na ya ghali katika hatua hii ni ndogo kuliko tofauti ya sindano mbili.

Kusoma kibandiko cha volti kulimwokoa na mashine aliyoipenda. Ningependa hilo liwe jambo la kwanza mtu kufanya dukani, kabla hata ya kuuliza bei, hasa kwetu ambako mzigo unaingia kutoka Japani, Uingereza na Dubai kwa pamoja.

Na simu kwenye njia ya pili, iliyowekwa kwa sababu ya ukata, ndiyo iliyouokoa usiku. Simu haina sindano, kwa hiyo haisikii mtetemo. Nimeona ma-DJ wenye mashine mbili nzuri wakipatwa na mngurumo ule ule, mashine zote mbili zikinguruma, na hawana pa kukimbilia. Hata Saumu akipata ya pili, nimemshauri tundu la LINE libaki na kitu ndani yake.

Yaliyokwama

Mashine moja ina bei yake. Santuri mbili hazikuweza kufuatana. Baada ya kila santuri ilibidi uje wimbo wa simu, ili apate nafasi ya kubadilisha. Waliokuja kwa ajili ya santuri walilitambua hilo, na mwandaaji alimweleza wazi, kwa adabu. Usiku mzima wa kazi hii kwa mashine moja hauwezekani, na anayetaka kupanda jukwaani mwezi ujao asifuate njia hii; akope au akodi ya pili.

Mikisa haikuwa na njia ya kutolea sauti kwa spika ya DJ. Jukwaani Saumu alikuwa anasikia sauti ya ukumbi ikiwa imechelewa, baada ya kugonga ukuta wa nyuma, na akalazimika kufanya kila kitu kwenye hedfoni. Wakati wa kununua jambo hilo hatukulijali, kwa kuwa chumbani halina maana. Kwa atakayetoka nje na vyombo vyake, ni sifa ya kuulizia mapema.

La tatu, na naliona kubwa kuliko yote, ni kwamba majaribio ya mchana hayakuonyesha tatizo la jukwaa. Mngurumo hutokea sauti ikipita kiwango fulani, na mchana hatukukifikia. Jaribio la kweli ni hili: weka sindano juu ya santuri iliyosimama, mota imezimwa, pandisha feda hadi kiwango cha usiku, kisha gonga meza kidogo kwa ncha ya kidole. Ikiwa sauti ya kugonga huko inarudi na kukua badala ya kufa, mashine itanguruma usiku. Inachukua dakika moja, na mwenye vyombo hatakataa ukimwomba kwa uzuri.

Alipofikia sasa

Zile elfu sita na malipo ya usiku ule vimeanzisha akiba ya mashine ya pili. Si lazima iwe ya kampuni ile ile, lakini tumekubaliana itakuwa na mota ya moja kwa moja, feda ya kasi yenye kipimo sawa, na katriji ya aina ile ile, ili sindano moja ya akiba itoshe zote mbili. Krosfeda inayokwaruza bado iko katikati, haijaguswa. Vipande vya saruji ameviomba kwa mwenye ukumbi, na siku hizi hutembea navyo kwenye mfuko wa gunia pamoja na mashine.